Vyumba Vinne Vitupu

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa kanisa huko Kawangware nikisikiliza habari zangu mwenyewe zikisomwa kwenye kipaza sauti, na zilikuwa zimetiwa chumvi kupita kiasi. Tulikuwa tumekuja kumuaga Mzee Kioko, mchonga vinyago. Kifungua mimba wake alisoma maisha ya marehemu kutoka kwenye kijitabu cha mazishi, na alipofika ukurasa wa pili akatangaza kwamba baba yao ndiye aliyechonga "mtambo wa sayansi" uliomwezesha msichana mmoja wa Kibera kupita mtihani na kuwa mwalimu wa chuo. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega na kuninong'oneza, "Mungu anatumianga watu." Nilitabasamu, kwa sababu mtu hakosolewi mbele ya jeneza lake, lakini ndani nilikuwa nachemka. Mzee Kioko karibu aniangamize. Nilimpenda, na nililia jeneza lilipotolewa, lakini ukweli ni kwamba alijaza vyumba vinne ambavyo nilimsihi, nikamchorea, nikamwapia kwamba lazima vibaki vitupu, na hadi anaingia kaburini hakukubali kuwa alikosea.

Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika Nairobi nitaziruka. Hazina neno katika jambo hili. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, nasomea kazi ya maabara katika chuo kimoja cha ufundi mjini, na nilikaa na Anti Rosa katika chumba kimoja huko Kibera, upande wa Makina. Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi kama vyote vya ploti ile, ule ua wa vyumba vya kupanga. Tulilala watu saba humo, lakini si watu walionisumbua zaidi, ni nguo. Anti aliuza mitumba Soko la Toi, na marobota aliyokuwa hajayafungua yalipangwa ukutani mpaka karibu na mabati, yakinuka ile dawa inayopuliziwa nguo za ng'ambo. Marobota yalikuwa na nafasi yao ya kudumu. Sisi binadamu ndio tuliokuwa tukihamahama. Mezani palipikwa, palipigwa pasi, palisukwa nywele, na nikibahatika kupata pembe moja ya kuwekea kitabu, Anti angeniwekea sufuria ya dagaa wa omena juu yake na kuniuliza kama kitabu kinashiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamka alfajiri kwenda kununua robota, akasimama juani kutwa nzima akibishana na wateja kuhusu vifungo, na alirudi na maneno yote ambayo hakuwapa. Aliyamalizia kwangu.

Kwa hiyo nilikuwa na shabaha moja tu mwaka huo, na kila mtu aliijua kwa sababu niliimba kama kasuku. Waliofaulu mtihani wa mdomo wa mwisho wa mwaka wangeendelea na diploma, na wanafunzi wa diploma walipewa kitanda hosteli. Walioanguka wangepewa cheti na kuagwa. Anti alishanitengea upande wa kibanda chake, sehemu ya sweta. "Hata usijali," alikuwa akiniambia, "ukianguka, sweta ziko." Alinituliza kwa maneno hayo hayo kila wiki, na kila wiki nilitamani kupiga mayowe.

Mwalimu wetu, Bwana Gitau, alikuwa na mtindo wake. Aliweka karatasi zenye majina ya kemikali ndani ya kopo la kahawa, kila mmoja akachomoa moja, na kile ulichochomoa ndicho ulichotakiwa kukitengenezea umbo la kuonyesha atomi zake zilivyopangika, kukileta siku ya mtihani na kukieleza. Wenzangu walichomoa vitu vya heshima. Mmoja alipata chumvi ya kawaida, na chumvi hata mtoto anaweza kuipanga: huyu, yule, huyu, yule, hadi mwisho. Mimi nilichomoa zinki salfaidi. Ni moja ya zile semikondakta, vitu ambavyo havikatai umeme wala haviukubali mpaka uvibembeleze, na katika miaka ile unga wake ulikuwa umepakwa ndani ya kioo cha televisheni ili uwake ukipigwa na umeme. Nilijaribu kuwaambia hayo watu wa ploti tulipokuwa kwa Mama Brayo, jirani yetu, tukitazama taarifa ya habari kwenye televisheni yake ndogo iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Nikasema kile kinachong'aa pale ndicho kitu changu cha mtihani. Mama Brayo akasema nisiguse kioo.

Niseme sasa ulivyo mpangilio wake, maana bila hilo hasira yangu haitaeleweka. Fikiria sanduku lenye pande sawa. Kwenye kila kona kuna mpira mkubwa, na katikati ya kila upande kuna mpira mkubwa mwingine. Hizo ni atomi za salfa. Sasa ligawe sanduku hilo kwa mawazo liwe vyumba vinane, vinne chini na vinne juu. Katika vyumba hivyo ndimo zinamoishi atomi za zinki, mipira midogo, mmoja kila chumba. Lakini haziishi katika vyumba vyote. Vinne vina mpangaji, vinne ni vitupu, na vimepishana hivi kwamba hakuna wapangaji wawili wanaogawana ukuta. Ukijaza vyote vinane, huna tena zinki salfaidi. Una mpangilio wa kitu kingine kabisa, ule wa kalsiamu floridi, ambayo umeme hauna habari nayo. Tofauti yote iko katika vile vyumba vinne vitupu.

Nilimweleza Anti Rosa hivyo hivyo siku moja akichambua mchele, nikitumia mfano wa ploti yetu. Aliacha kuchambua.

"Ploti ya vyumba nane," akasema, "na nne hazina mtu?"

"Ndio, Anti."

"Na landilodi anajua?"

"Hakuna landilodi. Ni atomi."

"Wacha atomi. Nauliza hizo nyumba nne, ziko na shida gani? Zinavuja?"

Nikasema hazivuji, ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Nyathina," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita alipotaka nijue kuwa mimi ni mwanawe, "hapa Makina, ukiacha nyumba wazi mpaka jioni, kesho utakuta watu wamepika ndani. Hao wazungu wa kitabu chako hawajui watu." Akarudi kwenye mchele wake. Jioni hiyo nilimsikia nje akimsimulia Mama Brayo, wakicheka mpaka wanashikana, eti chuoni siku hizi wanafundishwa kuhusu nyumba ambazo hazina watu.

Ni Anti huyo huyo aliyenipeleka kwa Mzee Kioko. Sweta ambazo hata Toi zilikataliwa, zile zilizotobolewa na nondo, alizinunua Mzee Kioko ili azikate vitambaa vya kung'arishia vinyago. Alikuwa na kibanda chake cha mabati Kawangware, yeye na Wakamba wenzake kadhaa, na kila mmoja alikuwa na mnyama wake: huyu twiga tu, yule simba tu. Mzee Kioko alichonga viboko. Sikuwa nimewahi kumwona akichonga kitu kingine chochote kabla ya kazi yangu. Tulikubaliana kwamba atanichongea mipira yangu ya mbao, nami nitakuja kila Jumamosi kupiga viboko vyake msasa. Basi nikapiga msasa mpaka alama za vidole zikafutika. Kibanda kilijaa vumbi la mjakaranda na harufu ya rangi nyeusi ya viatu, ambayo ndiyo waliyopaka ili mbao ya kando ya barabara ionekane mpingo. Saa sita tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja, Mzee Kioko akiwa amekalia kiboko kikubwa kilichopasuka mgongo.

Huko kupasuka ndiko kulikoniponza, na nilikuwa nikikuona kila Jumamosi bila kuelewa. Mjakaranda ukikauka vibaya hufunguka nyufa. Nusu ya kazi ya kibanda kile ilikuwa kuziba: unachanganya vumbi la mbao na gundi, unajaza ufa, unapiga msasa, unapaka rangi, na mnunuzi haoni kitu. Mzee Kioko alikuwa bingwa wa kuziba. Alipopokea kinyago cha mwenzake, hakutazama sura ya mnyama. Alikigeuzageuza akipitisha kidole gumba kutafuta shimo. Kazi yenye shimo haikutoka kibandani kwake, kwa hali yoyote ile, na yeye alilisema hilo kama mtu anavyosema haibi.

Nilimpelekea michoro. Nilimchorea sanduku kutoka mbele, kutoka juu, kutoka pembeni. Nikavipaka rangi vyumba vyenye mpira na kuacha vingine vyeupe. Mipira mikubwa na midogo ingeunganishwa kwa spoki za baiskeli, kila mdogo ukishika mikubwa minne. Mzee Kioko aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye kona moja.

"Hii inashikwa na nani?"

Nilitazama. Kweli, kona nne kati ya zile nane zilikaa kando ya vyumba vitupu, na hapakuwa na spoki hata moja iliyozifikia. Nikasema tutazunguka sanduku lote kwa waya, na kona hizo zitafungwa kwenye waya.

"Waya," akasema.

"Waya mwembamba tu, Mzee."

"Mimi nimechonga miaka hii yote, hakuna mnyama wangu anatembea na waya."

Nikamwambia huyu si mnyama. Nikamwambia vyumba vinne vibaki vitupu, vi-tu-pu, nikamwandikia chini ya mchoro kwa herufi kubwa. Akaitikia sawa sawa. Ningejua wakati ule kwamba mtu mzima akikuitikia mara mbili mfululizo hajakubali, ningechukua mipira yangu nikaenda zangu. Badala yake nilirudi Kibera nikilala vizuri, nikiamini nimemwelewesha.

Nilikwenda kuchukua umbo langu siku moja kabla ya mtihani, mchana. Alikuwa ameliweka juu ya meza na kulifunika kwa kipande cha sweta, na mafundi wenzake walikuwa wamesimama pembeni wakijifanya wana shughuli. Akafunua. Naweza kusema hivi, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: lilikuwa zuri. Mipira ilikuwa duara safi, mikubwa imepakwa nyeusi, midogo imeachwa na rangi yake ya mbao, na kila kitu kiling'aa. Lilisimama imara, ungeweza kulikalia. Hapakuwa na waya hata inchi moja. Kisha nikahesabu mipira midogo, na nikahesabu tena.

"Mzee, hizi ni nane."

"Zilikuwa zinabaki nyumba nne hazina kitu, nikamalizia."

"Nilikuambia zibaki hivyo."

"Kona zako nne zilikuwa zinaanguka. Sasa zimeshikwa." Akalitikisa umbo kunionyesha. "Wewe msichana, unataka nitoe kazi na mashimo?"

"Si mashimo. Ni nafasi."

"Nafasi ni shimo lenye halijazibwa," akasema, na wenzake wakacheka.

Nililia pale pale mbele yao, machozi ya hasira, yale yanayokufanya ukasirike zaidi kwa kuwa unalia. Nilimwomba ang'oe ile minne. Alishtuka kama nimemwambia amng'oe mtoto meno. Akanieleza, kwa upole ambao ulinichoma, kwamba gundi imeshakauka na spoki zimeingia ndani, na ukivuta mmoja unapasua mingine mitatu, halafu kona zile zinaanguka na sanduku zima linalegea. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nililibeba umbo lile ndani ya mfuko mtupu wa robota la Anti, nusu likichomoza nje, nikatembea nalo kwa miguu hadi Kibera, na njiani watu watatu walinisimamisha kuniuliza nauza hilo pambo.

Anti Rosa alilizunguka mezani akilitazama. Nikamweleza kilichotokea. Akasema, "Lakini si sasa imependeza? Kila mtu ako na nyumba." Halafu akaona uso wangu, akanyanyuka, akaniletea chai, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuweka sufuria juu ya kitabu changu. Akaongeza tu, polepole, kwamba sweta ziko.

Kesho yake Bwana Gitau alikaa nyuma ya meza ndefu pamoja na mtahini mgeni, mama mmoja mwembamba mwenye miwani. Nilikuwa wa mwisho. Niliweka umbo langu mezani, wakalisifu wote wawili kwa macho, kisha Bwana Gitau akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu na nikamwona akifika sita, saba, nane.

"Adhiambo, hii si zinki salfaidi."

"Najua, mwalimu."

"Unajua?" akauliza yule mama.

Nilikuwa nimekesha nikitunga maneno ya kuomba radhi, na yote yakanitoka. Kilichobaki ni hasira. Nikawaambia kwamba fundi wangu amejaza vyumba vinne ambavyo havikupaswa kuwa na mtu, na kwa hivyo mbele yao wana mpangilio wa kalsiamu floridi. Nikawaonyesha ni mipira ipi minne iliyozidi, na kwa nini hiyo na si mingine. Nikasema kwamba katika zinki salfaidi kila zinki ina salfa nne na kila salfa ina zinki nne, lakini hapa kila salfa imepewa nane, ugomvi mtupu. Nilizungumza kama Anti Rosa akigombana na mteja wa vifungo. Bwana Gitau aliniacha nimalize, akaweka kalamu kwenye kona moja, kona ile ile ya Mzee Kioko.

"Ukiondoa hizo nne, kona hii itashikwa na nini?"

Nilitaka kusema waya. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka na waya, nimechoka na sanduku lenyewe, na nikasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria mpaka nilipokisikia kinatoka. Nikasema sanduku haliko peke yake. Sisi ndio tumelikata hapa kwa sababu meza ni ndogo. Kwenye fuwele yenyewe, ile chembe halisi ya zinki salfaidi, kuna sanduku jingine ng'ambo ya hili, na jingine juu, na jingine chini, na kona hiyo inashikwa na zinki za majirani. Haianguki. Fundi aliogopa itaanguka kwa sababu alidhani ploti inaishia kwenye ukuta wake.

Yule mama akavua miwani. Bwana Gitau alivuta karatasi yake. Aliandika kitu, akanionyesha mlango. Wiki iliyofuata jina langu lilikuwa ubaoni, karibu na mwisho wa orodha ya waliofaulu, nami nilisimama mbele ya ubao ule mpaka wenzangu wakanisukuma.

Nilikwenda Kawangware kumwambia Mzee Kioko, na hilo ndilo kosa ambalo nimelilipia hadi kwenye mazishi yake. Nilimweleza hatua kwa hatua kwamba nilipita licha ya umbo lake, si kwa sababu yake. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Alisikiliza akitabasamu, akawageukia wenzake na kuwaambia, "Si niliwaambia? Walimu wakiona kazi imejaa, hawana la kusema." Mwezi huo huo alianza kuchonga vinyago vidogo vya umbo lile, vya kuuza, vya kuweka mezani, mipira minane minane bila shimo hata moja. Watalii walivipenda. Hadi leo nikiingia sebule ya mtu na kukiona kimoja juu ya kabati, damu inanichemka, na mume wangu hunishika mkono kabla sijafungua mdomo.

Hosteli nilipewa chumba chenye vitanda viwili. Msichana niliyepangiwa naye hakuja, walisema ameolewa. Kwa hiyo chumba kilikuwa changu, na sikuamini. Niliweza kuweka kitabu mezani nikakikuta kesho yake mahali pale pale. Niliweza kusikia maji yakidondoka kwenye bomba la ukumbini. Niliuacha mlango wazi nikauangalia, nikaufunga nikauangalia. Kitanda cha pili nilikitandika vizuri na sikuweka kitu juu yake, hata mkoba. Nilitaka kiwe kitupu.

Jumapili moja Anti Rosa akaja baada ya kanisa, na chapati zimefungwa kwa kitambaa. Alisimama katikati ya chumba kile na hakujua aweke wapi mikono yake. Akanyoosha mkono akagusa ukuta wa saruji. Kisha akaketi kwenye kitanda cha pili, taratibu, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha wenyewe.

"Hiki ni cha nani?"

"Hakuna mtu, Anti."

"Hakuna mtu," akasema. Nilingojea anicheke, au aanze habari za landilodi. Badala yake alivua vile viatu vya mitumba alivyopenda kuvaa kanisani, akaviweka sambamba sakafuni. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba, na nilijiuliza vimekuwa hivyo tangu lini, kwa sababu katika chumba cha watu saba hakuna nafasi ya kutazama miguu ya mtu.

"Lala kidogo," nikamwambia.

"Mchana?"

Akalala. Sikuwa nimewahi kumwona Anti Rosa akilala mchana, wala akilala bila mtu mgongoni. Alilala chali, kimya, mdomo wazi, mikono imetawanyika pande zote mbili mpaka ikaning'inia nje ya kitanda. Nilikaa na kitabu changu nisisome neno. Nilikuwa nimekasirika tena, na safari hii hapakuwa na fundi wala mwalimu wa kumkasirikia. Chapati zilipoa. Jioni ilipoingia mlinzi alipita akigonga milango na kutangaza kwamba muda wa wageni umekwisha, na alipofika kwangu nilitoka nje, nikauvuta mlango nyuma yangu ili asimwamshe, nikamwambia kwamba humu hamna mgeni, aliyelala ni mwenzangu wa chumba.